Majibu ya thairoidi na vitamini: Yasome hivi kabla hujanunua dawa

Ingia leo katika maabara binafsi ya Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, na huenda ukakuta bango la vifurushi vya vipimo: kifurushi cha kina mama, cha wazee, cha “mwili mzima”. Mtu analipia, anatolewa damu asubuhi, na kabla jua halijazama majibu yameshaingia kwenye simu yake. Ni ukurasa wa namba na herufi za mkato: TSH, FT4, B12, 25-OH D. Pembeni ya baadhi ya namba kuna H, yaani imezidi, au L, yaani imepungua, na mara nyingi herufi hizo zimekolezwa rangi nyekundu.

Daktari aliyeomba vipimo hivyo hayupo, kwa sababu hakuna daktari aliyeviomba. Waliopo ni shemeji aliyewahi kuugua goita, jirani ambaye mwanawe ni muuguzi, na kijana wa duka la dawa. Kufika kesho yake mtu ameshanunua chupa ya vitamini D ya dozi kubwa, au ameanza kumeza dawa ya thairoidi aliyogawiwa na ndugu, au amekosa usingizi akidhani ana saratani.

Madhara yake ni ya pande mbili. Mzima anatibiwa ugonjwa asio nao, na mgonjwa wa kweli anarudishwa nyumbani kwa sababu namba moja ilionekana nzuri. Vyote viwili huepukika mgonjwa akielewa namba zake zimetoka wapi, ziko katika vizio gani na zinaweza kubadilishwa na nini. Namba ya maabara hupata maana pale inapowekwa pamoja na mtu aliyetolewa damu: umri wake, dalili zake, dawa anazomeza, kama ni mjamzito, na maradhi mengine aliyonayo.

Nani aliweka mipaka ya “kawaida”?

Kila kipimo kwenye karatasi kina namba mbili pembeni yake, ya chini na ya juu. Wengi huzichukua kuwa mpaka kati ya uzima na ugonjwa. Kwa vipimo vingi, mipaka hiyo hupatikana hivi: huchukuliwa damu ya watu wengi wanaoonekana wazima, majibu yao hupangwa kutoka dogo hadi kubwa, kisha asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu hukatwa. Asilimia 95 wanaobaki katikati ndio “kawaida”. Maana yake, tangu siku mipaka ilipowekwa ilijulikana kwamba mtu 1 kati ya 20 wenye afya njema ataangukia nje.

Sasa piga hesabu ya kifurushi. Mtu mzima kabisa akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kutoka bila alama hata moja ni takriban asilimia 36. Kwa watu 100 wa namna hiyo, 64 wataondoka na angalau H au L moja, na hakuna anayeumwa. Kadiri kifurushi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo uwezekano wa kushtuka bure unavyoongezeka.

Lipo pia suala la watu waliotumika kuweka mipaka hiyo. Mara nyingi ni watu wa Ulaya au Marekani, kwa kuwa mashine na vitendanishi vimetengenezwa huko. Mwaka 2009 watafiti walichapisha viwango vilivyotokana na watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya njema kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Walipovilinganisha na vya Marekani, hemoglobini na baadhi ya chembe nyeupe za damu zilikuwa chini zaidi, na eosinofili, chembe zinazoongezeka kwa minyoo na mzio, zilikuwa juu zaidi. Mwaka mmoja kabla, viwango vya watu wazima wa kusini mwa Tanzania vilichapishwa kutokana na kazi iliyofanyika Mbeya. Tafiti hizo hazikulenga vitamini wala thairoidi, lakini zilionesha wazi kwamba mtu mwenye afya Masaka au Kilifi anaweza kuonekana “mgonjwa” akipimwa kwa mizani ya watu wa mbali.

Halafu kuna vizio. Vitamini D hupimwa na maabara nyingine kwa nanogramu kwa mililita, na nyingine kwa nanomoli kwa lita, na kizio kimoja cha kwanza ni sawa na 2.5 vya pili. Mtu aliyepimwa Dar es Salaam akapata 24, akarudia kipimo Muscat au London akapata 60, anaweza kushangilia kwamba dawa imefanya kazi. Kumbe ni kiasi kilekile. B12 ya pikogramu 200 kwa mililita ni takriban pikomoli 148 kwa lita. T4 huru ya nanogramu 1 kwa desilita ni karibu pikomoli 13 kwa lita. Kabla hujalinganisha karatasi mbili, soma herufi ndogo zinazofuata namba. Na kama ugonjwa wako unahitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu, jitahidi kurudi maabara ileile, kwa sababu hata mashine mbili zinazotumia vizio sawa hazitoi jibu moja daima.

TSH: kwa nini ikipanda, tezi imelegea

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutengeneza homoni za T4 na T3, ambazo huamua kasi ya shughuli za mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, uzito, ngozi, hata hali ya moyo na fikra. Malighafi yake ni madini joto. Ndiyo maana maeneo ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako madini hayo ni haba katika udongo, yalijulikana kwa goita kwa miaka mingi, hadi zilipokuja juhudi za kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto na baadaye kuyaweka kwenye chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walionesha kwamba mihogo isiyoandaliwa vizuri huzidisha tatizo, kwa kuwa sumu yake hugeuzwa mwilini kuwa kemikali inayoizuia tezi kunyakua madini joto.

TSH, ambayo ndiyo kipimo cha kwanza cha thairoidi, haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye tezi ndogo ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuamrisha. Fikiria nyapara na kibarua. Kibarua akilegea, nyapara hupaza sauti. Kibarua akizidisha kasi, nyapara hunyamaza. TSH ni sauti ya nyapara, na T4 ni kazi ya kibarua.

Kwa hiyo TSH iliyopanda pamoja na T4 huru iliyoshuka humaanisha tezi imelegea. Mtu huyu huchoka, husikia baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, huongezeka uzito, ngozi hukauka, na kwa wanawake hedhi inaweza kuwa nzito. TSH iliyoshuka sana pamoja na T4 au T3 iliyopanda humaanisha tezi inafanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku ukila vizuri, jasho jingi, na kwa baadhi ya watu macho kutokeza nje. Maabara nyingi huweka TSH ya mtu mzima kati ya takriban 0.4 na 4.0, katika miliyuniti kwa lita.

Watu wengi hawaambiwi kwamba TSH ni nyepesi sana kupanda. T4 ikishuka kwa nusu, TSH inaweza kupanda karibu mara 100. Hivyo aliyepata TSH ya 8 mbele ya mpaka wa 4 asidhani ugonjwa wake ni “mara mbili”. Huenda kibarua amelegea kidogo tu, na T4 yake bado ni ya kawaida. Hali hiyo, TSH juu kidogo huku T4 huru ikiwa sawa, ndiyo inayowaingiza watu wengi kwenye dawa mapema mno. Kinachotakiwa kwanza ni kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu wengi hurudi kawaida wenyewe. TSH ikizidi 10, sababu za kutibu huwa na nguvu zaidi. Vivyo hivyo kwa mjamzito au anayepanga kubeba mimba. Kwa wazee, tahadhari ni kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa Ulaya kwa watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na hali hiyo, haukuona nafuu yoyote ya dalili kwa waliopewa homoni ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Upo pia upande wa pili, wa mgonjwa anayerudishwa nyumbani. TSH ikipimwa peke yake inaweza kuficha ugonjwa mzito pale nyapara mwenyewe anapokuwa ameumia. Chukua mfano wa mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Tezi ya pituitari inaweza kukosa damu na kufa sehemu yake. Baadaye mama huyo hapati maziwa, hedhi hairudi, anachoka kupita kiasi na presha yake inashuka. Akipimwa TSH inaweza kutoka ndani ya mipaka, kwa kuwa pituitari haina tena nguvu ya kupaza sauti, ilhali T4 yake iko chini. Katika nchi zetu, ambako kutokwa damu wakati wa uzazi bado ni tatizo kubwa, historia hiyo lazima itajwe mbele ya daktari, na T4 huru ipimwe pamoja na TSH. Mama huyo pia anahitaji kuchunguzwa homoni nyingine za pituitari kabla hajaanzishiwa dawa ya thairoidi, kwa sababu kuanza na dawa hiyo wakati homoni ya kotisoli iko chini kunaweza kuhatarisha maisha.

Ujauzito nao hubadilisha mipaka. Katika miezi mitatu ya kwanza, homoni ya mimba huichochea thairoidi moja kwa moja, na TSH hushuka. Mjamzito anayetapika sana anaweza kuonekana ana thairoidi iliyochachamaa, kumbe ni mimba yenyewe. Baada ya kujifungua, katika mwaka wa kwanza, tezi ya baadhi ya wanawake huvimba na kutoa homoni nyingi kwa muda, kisha hulegea, na kwa wengi hurudi hali yake. Aliyelazwa kwa ugonjwa mkali kama nimonia au maambukizi ya damu naye anaweza kuwa na T3 na TSH zilizovurugika bila tezi kuwa na kasoro yoyote. Kipimo hicho kingoje apone, isipokuwa daktari anashuku thairoidi yenyewe.

Na usichanganye ukubwa wa tezi na kazi yake. Mwenye goita anaweza kuwa na homoni za kawaida kabisa. Damu safi haiondoi haja ya kuchunguzwa uvimbe wa shingoni, hasa kama unakua, ni mgumu, unabadilisha sauti au unasumbua kumeza.

Ukishaanza dawa ya thairoidi

Homoni ya T4 hukaa mwilini muda mrefu. Huchukua takriban siku 7 kupungua nusu. Kwa hiyo dozi ikibadilishwa leo, kupima wiki ijayo ni kupoteza fedha. Subiri wiki 6 hadi 8. Dawa imezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na vyakula vya soya huipunguza isifyonzwe vizuri. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Siku ya kipimo, ni vyema kutolewa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge, na kila mara upime saa zinazokaribiana, kwa sababu TSH hupanda usiku na kushuka mchana.

Wapo wanaoambiwa dozi yao haitoshi na kuongezewa mara mbili, mara tatu, kumbe tatizo ni chai ya maziwa inayofuata kidonge kila asubuhi. Mgonjwa akimweleza daktari namna anavyomeza dawa yake, nyongeza nyingine zinaweza zisihitajike.

Vidonge vya nywele vinavyopotosha mashine

Biotini ni vitamini ya kundi B. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, na chakula cha kawaida humtosheleza. Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele, ngozi na kucha huwa na 5,000 au hata 10,000. Mashine kadhaa za maabara hutumia biotini hiyohiyo kama kishikizo cha kunasa homoni zinazopimwa. Ikijaa kwenye damu ya mgonjwa, huziba kishikizo, na mashine husoma TSH chini kuliko ilivyo huku T4 na T3 zikisomeka juu. Karatasi inaonesha thairoidi iliyochachamaa kwa mtu ambaye tezi yake haina neno.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu biotini, ikitaja pia kifo cha mgonjwa ambaye kipimo chake cha moyo, troponini, kilisomeka chini kuliko ukweli. Anayetumia vidonge hivyo amweleze mtaalamu wa maabara kabla ya kutolewa damu, na aviache kwa angalau siku mbili. Wanaomeza dozi kubwa sana kwa agizo la daktari wapewe maelekezo yao, kwani wao huhitaji muda mrefu zaidi. Kina dada wengi hawavihesabu kama dawa, hivyo wakiulizwa “unatumia dawa gani?” hujibu “hakuna”. Vitajwe.

Vitamini D katika nchi ya jua

Kipimo sahihi cha akiba ya vitamini D ni kile kinachoandikwa 25-OH D. Kipo kingine, 1,25, ambacho kinaweza kutoka kawaida au hata juu kwa mtu aliyeishiwa akiba. Hicho kina matumizi yake, kwa mfano katika baadhi ya magonjwa ya figo, lakini hakijibu swali la kama vitamini yako imepungua. Hakikisha umelipia kinachojibu swali lako.

Mipaka ya vitamini D ni ya kubishaniwa, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema nanogramu 20 kwa mililita zinawatosha takriban watu wote. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa homoni cha huko kikasema mtu afike 30. Mwaka 2024 chama hichohicho kikaacha kuisimamia 30 na kushauri watu wazima wenye afya wasipimwe kwa mazoea. Maabara nyingi bado zinachapisha 30, na aliyepata 24 anaandikiwa L nyekundu ambayo kwa mipaka mingine isingekuwepo.

Tanzania ina nafasi yake katika mjadala huu. Mwaka 2012 watafiti walichapisha majibu ya Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, sawa na takriban nanogramu 46 kwa mililita, ingawa watu hao hukwepa jua kali na kutafuta kivuli. Takwimu hiyo inaonesha ngozi nyeusi inavyoweza kutengeneza vitamini ya kutosha pale mtu anapoishi nje. Haisemi kwamba kila mkazi wa mjini lazima afikie 115, wala haimlindi anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda ofisini na kurudi giza limeingia.

Wenye sababu ya kupimwa ni wale wenye maumivu ya mifupa au mifupa laini, watoto wenye matege, wagonjwa wa figo na ini, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa, na wanaotumia efavirenz, dawa ya VVU, kwa muda mrefu. Wanawake wanaojifunika mwili wote na wasiopata nafasi ya jua hata uani nao wamo, pamoja na watoto wachanga wanaonyonya tu na kukaa ndani.

Vitamini hii huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Haitoki na mkojo upesi kama vitamini C. Dozi ya yuniti 50,000 iliyoandikwa mara moja kwa wiki ikimezwa kila siku kwa miezi, kalsiamu hupanda kwenye damu. Mtu huona kiu isiyokatika, hukojoa sana, hufunga choo, hutapika, na figo zinaweza kuharibika. Soma kwanza kidonge kinamezwa kila siku au kila wiki, kabla ya kusoma ni vidonge vingapi.

B12: miguu inapokufa ganzi

B12 hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama: nyama, samaki, mayai, maziwa. Ikipungua, chembe nyekundu za damu huwa kubwa na chache, ulimi huuma, na mishipa ya fahamu huathirika: ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumba unapotembea gizani, kusahau. Chini ya takriban pikogramu 200 kwa mililita, upungufu una uhakika mkubwa. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, na hapo dalili za mgonjwa zina uzito kuliko namba. Penye uwezo, kipimo cha asidi ya methilimaloniki au homosisteini husaidia kuamua.

Kwa wagonjwa wa kisukari kuna onyo la pekee. Metformin, dawa inayotumiwa na wengi mno Afrika Mashariki, hupunguza B12 kwa baadhi yao baada ya miaka kadhaa. Ganzi ya miguu ikianza, watu husema ni “sukari imeshuka miguuni” na kuishia hapo. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa B12, inaweza kuwa vyote viwili, na upande wa B12 unatibika vizuri ukiwahiwa. Omba kupimwa. Wanaomeza omeprazole mwaka hadi mwaka kwa ajili ya vidonda vya tumbo nao wako kwenye hatari.

Asidi ya foliki ina mtego wake. Tanzania na Kenya zina sheria zinazotaka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo, na kina mama wajawazito hupewa vidonge vyake kwa sababu nzuri kabisa. Lakini foliki ikimezwa kwa wingi na mtu mwenye upungufu wa B12, damu hujaa na picha ya damu hupendeza, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Damu kupanda si uthibitisho kwamba tatizo limekwisha.

Na tafadhali, kama unashuku B12, toa damu kabla ya kuchomwa zile sindano nyekundu za vitamini B. Ukishachomwa, namba itaruka juu na haitasema chochote kuhusu ulivyokuwa.

Maambukizi na dawa nyingine

Vifurushi vingi huweka pia feritini, akiba ya madini chuma. Hapa maambukizi huvuruga hesabu. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Penye maambukizi au uvimbe mwilini, feritini hupanda yenyewe, na miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2020 inapandisha mpaka hadi 70. Mwenye malaria au kifua kikuu anaweza kuwa na feritini ya 50, karatasi ikasema “kawaida”, na kumbe chuma kimemwishia. Vitamini A na D nazo huweza kusomeka chini wakati wa ugonjwa. Sema kama ulikuwa na homa wiki ile.

Sema pia dawa zako zote. Isoniazid ya kifua kikuu hupunguza vitamini B6. Ethionamide, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, inaweza kuilegeza thairoidi. Rifampicin ya kifua kikuu, pamoja na phenytoin na carbamazepine za kifafa, huharakisha kuondoka kwa homoni ya thairoidi mwilini, hivyo anayemeza homoni hiyo anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi. Amiodarone ya moyo ina madini joto mengi na inaweza kuivuruga tezi kwa pande zote mbili. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha T4 ya jumla bila tezi kuumwa, ndiyo maana T4 huru ndiyo yenye manufaa zaidi.

Fanya hivi

Kabla ya kutolewa damu, muulize daktari: tunatafuta nini, na majibu yakitoka chini au juu tutafanya nini tofauti? Kama jibu la kipimo halitabadilisha matibabu yako, pengine fedha hiyo ina kazi nyingine. Uchovu, ambao huwapeleka wengi kwenye vifurushi hivi, una sababu nyingi: upungufu wa damu, kisukari, ujauzito, maambukizi, sonona, kukosa usingizi. Mazungumzo ya dakika 15 na daktari anayesikiliza yanaweza kufupisha orodha hiyo kuliko vipimo 20.

Majibu yakija, angalia vizio, angalia mipaka ya maabara hiyo, na uone namba iko nje kwa kiasi gani. Kupita mpaka kwa nukta chache na kuupita mara kumi ni mambo tofauti. Linganisha na majibu yako ya zamani. Tunza karatasi zote kwenye faili moja, zikiwa na tarehe, na uandike nyuma yake dawa ulizokuwa unatumia siku ile na kama ulikuwa unaumwa. Kisha zipeleke kwa daktari au tabibu. Kipimo kilichotoka nje kidogo, bila dalili, kwa kawaida hurudiwa kwanza.

Yapo yasiyosubiri: moyo kwenda mbio pamoja na homa na kuchanganyikiwa kwa mwenye thairoidi, usingizi mzito na mwili wa baridi kwa anayejulikana tezi yake imelegea, miguu inayopoteza nguvu, mjamzito mwenye majibu ya thairoidi yasiyo ya kawaida. Hao waende hospitali siku hiyohiyo.

Maabara nazo zina wajibu. Anayeuza kifurushi cha vipimo bila daktari auze pamoja nacho dakika za mtaalamu wa kueleza majibu, na maelezo hayo yawe kwa Kiswahili ambacho mteja anakielewa. Kumkabidhi mtu karatasi yenye herufi nyekundu na kumwacha aende nayo duka la dawa si huduma kamili.

Na wewe msomaji, usianze dawa ya thairoidi, usiiache, wala usimeze vitamini ya dozi kubwa kwa sababu ya karatasi peke yake. Damu ni yako, majibu ni yako, na kuuliza maana yake ni haki yako. Uliza mpaka uelewe.